Makombo ya Amiri

Zama zile kila mji wa pwani ulipokuwa na ukuta wake, baragumu lake la siwa na mfalme wake asiyeambilika, mji wa Gongwe ulizingirwa na jeshi la Paziwani kwa sababu ya mate. Naam, mate. Msinikodolee macho. Mimi sikuwapo, na ningekuwapo kuna mtu ningemziba mdomo mapema.

Jumbe Kitwana, mtawala wa Gongwe, alialikwa Paziwani kwenye arusi ya binti wa mfalme wa huko. Akaenda na joho la hariri, kilemba cha nyuzi za dhahabu, jambia la mpini wa pembe na wapambe wa kumpepea. Wenyeji walimwandalia kila walichokuwa nacho, na katikati ya chano wakaweka ugali wa mahindi, nafaka ngeni iliyokuwa imeingia pwani na meli za Wareno, ambayo wao walikuwa wamejifunza kuilima na wakiionea fahari. Jumbe akamega tonge, akalitafuna kidogo, akalitema mkekani mbele ya wazee.

"Kwetu hata punda hapewi," akasema.

Mtu mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka hata mto wa pili kutoka kwao. Hakujua watu wa nchi nyingine wanakula nini wala kwa nini, na hakutaka kujua. Alirudi Gongwe anacheka, akisimulia kile kisa cha tonge kila baraza, na wapambe wake wakicheka kwa sababu ndiyo kazi iliyowaweka pale. Kabla ya mavuno, Amiri Shekue, jemadari wa Paziwani, akaja na mikuki, ngao za ngozi ya kifaru na watu wa mishale ya sumu. Akaziba njia ya mashambani na akaziba mlango wa bandari. Mashamba yote ya Gongwe yalikuwa nje ya ukuta.

Basi watu wakala mbuzi. Mbuzi walipokwisha wakala punda, kisha kuku, kisha paka na kunguru, kisha wakaanza kuchemsha ngozi za ngao kuukuu na kunywa mchuzi wake. Waliotema mate walikuwa wangapi? Mmoja. Hebu nambie wewe, waliozikwa walikuwa wamemtemea nani.

Katika mji huo alikuwamo Mwana Tumu binti Bakari, mjane, mwanamke mrefu wa makamo mwenye ulimi mkali. Mumewe aliuawa juu ya ukuta mwanzoni mwa vita. Aliyembakia alikuwa binti mmoja, Mize, mtoto mdogo aliyekuwa akilala mchana kutwa kwenye kitanda cha kamba, tumbo limemvimba, macho yamemtoka, hana hata nguvu ya kulia. Jambo moja tu lilimweka Mwana Tumu kwa miguu yake: Mize asife.

Hakuna mtu Gongwe aliyekuwa amekula katika nchi nyingi kama Mwana Tumu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo, na hakuwa na mtoto wa kiume wa kufuatana naye, kwa hiyo alimchukua binti yake tangu utotoni. Baba akishuka kwenda kupatana bei na matajiri, binti alijipenyeza jikoni kwa watu. Huko Hormuzi, bandari ya Uajemi, aliona jinsi Waajemi wanavyouthamini ukoko wa wali, huu huu ambao kwetu hupewa watoto wakwangue chunguni. Wao huupika makusudi kwa samli mpaka uwe mwekundu, kisha humpakulia mgeni wa heshima. Huko Aden alipewa uwatu uliopigwa mpaka ukatoa povu jeupe, akala nao mchuzi unaochemka. Huko Kalikuti, Bara Hindi, aliona pilipili manga ingali mbichi kwenye mti wake, akala samaki wa tui la nazi akadhani yuko kwa shangazi yake. Huko Malaka Wachina walimpa maharage yaliyogandishwa yakawa meupe kama jibini. Aliwahurumia kwanza, kisha akaomba tena. Kote alikopita aliona jambo moja: mtu akikupa tonge la kwao, hukutazama usoni. Anangoja. Jumbe Kitwana hakulijua hilo, au alilijua akalidharau.

Sasa fikiri uchungu wa mwanamke huyu. Nyumbani kwake alikuwa na kasha la mninga la marehemu baba yake, na ndani yake vikopo na vibweta: zafarani ya Uajemi, mdalasini wa kisiwa cha Sarandibu, hiliki na pilipili manga za Malabari, lozi na zabibu kavu chache sana, buni za Yemeni, tangawizi kavu. Harufu ya dunia nzima ilikuwamo mle, na hapakuwa na punje moja ya nafaka ya kuitilia. Lozi na zabibu alikuwa akimpa Mize mojamoja, mpaka mtoto akawa anazitapika. Jirani yake, Bi Mwanaheri, alikuwa akipita mlangoni na kumtania kwa sauti iliyokauka, "Mwana Tumu, leo tupikie harufu." Walikuwa wakicheka. Kisha mtoto wa Mwanaheri akafa, na utani ukaisha.

Siku ya pili ya msiba huo, pembe ikalia nje ya ukuta. Amiri Shekue alitaka kuingia na watu wake wawili kuzungumza sharti za mwisho. Jumbe akakubali, kisha akamwita Mwana Tumu.

Alimkuta Jumbe kaketi kwenye kiti cha enzi cha mpingo, amenona shingo. Macho ya Mwana Tumu yalisimama pale pale shingoni.

"Mvua zinakaribia," Jumbe akasema. "Askari wa Paziwani ni wakulima, wanataka kurudi kupanda. Shekue akiona tuna chakula cha kutosha, ataondoka. Nataka umpikie karamu ambayo hajapata kuiona. Nasikia una kasha."

"Kasha ninalo, Mwinyi. Sina cha kupika."

Jumbe akaashiria kwa kidole. Mlango wa ghala la nyuma ukafunguliwa. Mlikuwa na gunia la mchele wa kisiwa cha Bukini lililoliwa zaidi ya nusu, mtungi wa samli, kapu la tende na beberu mmoja amefungwa kamba, anatafuna majani.

Mwana Tumu alichota mchele, akauacha umwagike tena guniani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mchele huu umekuwapo tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Jana tumemzika mtoto wa Mwanaheri."

"Mungu amrehemu," Jumbe akasema. "Pika."

Angeweza kumrukia pale pale, na mimi nisingemlaumu. Lakini alimfikiria Mize. Hila ile ilikuwa ya mtu mwovu, ila huenda ingefaulu, na ikifaulu njia ya mashambani itafunguka. Akameza hasira yake.

"Nipe konzi moja ya mchele nimkorogee mwanangu uji. Moja tu. Kisha nitakupikia mpaka uridhike."

"Chano lazima kijae. Shekue akiona kimepungua atajua. Wakishaondoka mtakula wote."

Na ili kuhakikisha, akamweka askari mlangoni mwa jiko, mtu aitwaye Mshamu, mwenye mkuki na mashavu yaliyobonyea, aangalie kwamba mpishi haonji. Umewahi kusikia? Mpishi asionje. Mwana Tumu alipika kwa pua na kwa kumbukumbu. Alitwanga pilipili manga kwenye kinu mpaka Mshamu akarudi nyuma, kwa jinsi mchi ulivyokuwa ukipiga. Aliroweka zafarani, akaikaanga nyama kwa samli na tangawizi, akatia mdalasini, akaupika wali na zabibu mpaka chini ukashika ukoko mwekundu wa Kiajemi. Tende alizitoa kokwa akazijaza lozi. Moshi wa jiko ukapanda juu ya mapaa, na katika nyumba za Gongwe watu wakaamka vitandani wakawa wanalia kwa harufu.

"Bibi," Mshamu akasema kwa sauti ya chini, "wangu wawili wako nyumbani."

"Wangu mmoja," Mwana Tumu akajibu. "Shika mkuki wako vizuri. Tukiharibu hapa tumewaua."

Kila kitu kilipangwa. Askari wa mlangoni walivishwa kanzu mbili mbili wasionekane mifupa. Wazee walipakwa mafuta usoni. Wengine wote waliamriwa wajifungie ndani, na atakayetoa pua nje atakatwa. Amiri Shekue akaingia na watu wake wawili. Alikuwa mwanamume wa mvi chache, shuka nyeupe ya kawaida, upanga ameuacha langoni kama adabu inavyotaka. Akanawa mikono, akaketi mkekani, na chano kikawekwa mbele yake.

Alipoinua kawa, aliinamia mvuke akavuta harufu. Akala taratibu.

"Zafarani," akasema. "Ya Uajemi hii."

"Hiyo?" Jumbe akacheka. "Tunapanda wenyewe. Nyuma ya msikiti."

Amiri alimtazama, kisha akaendelea kula. Wazee wa Gongwe waliinamisha vichwa kwa aibu, maana hata wao walijua kwamba zafarani haioti nyuma ya msikiti wowote wa pwani. Mkono wa Amiri ukafika kwenye ukoko. Aliutia kinywani, akauvunja kwa meno, na tonge la pili likasimama njiani.

"Aliyepika ni nani?"

"Wanawake wa nyumbani tu," Jumbe akasema.

"Nilikuwa askari wa kukodiwa Hormuzi nikiwa kijana. Nyumba niliyolala, bibi mwenye nyumba alikuwa akinipakulia hivi siku za Ijumaa. Namwomba aliyepika nimshukuru."

Mwana Tumu akaja akasimama mlangoni, ukaya mweusi kichwani, mikono ina masizi. Amiri akainuka. Kuinuka huko hakumlazimu mgeni, na Jumbe alikunja uso.

"Mikono yako ina baraka, mama."

"Umeshiba, Amiri?"

"Nimeshiba."

Hapo ndipo panapohitaji maelezo, maana desturi hii imekufa na vijana wa leo hawaijui. Katika miji ile, mgeni akishasema ameshiba, makombo yake hayarudishwi jikoni. Humwagwa uani mbele ya macho yake, kuku wakaja wakala. Maana yake ni kwamba nyumba hii ina uwezo, haikuwa ikikihesabu chakula chako. Ndiyo iliyokuwa ncha ya hila yote ya Jumbe. Alikuwa ameilalia na kuiamkia. Akampungia mkono Mwana Tumu kwa madaha.

Mwana Tumu akakibeba chano mwenyewe. Wali ulikuwa umebaki mwingi, na nyama, na nusu ya ukoko. Alitembea mpaka katikati ya ua, akasema moyoni, Mize, nisamehe, akamwaga.

Wali wa manjano ukatandaa juu ya mchanga. Watu wote wakangoja.

Hakuja kuku.

Hakuja hata mmoja. Ua ulikuwa mtupu na jua linawaka, na wali unatoa mvuke mwembamba. Walikuwa wamefikiria kanzu, mafuta ya uso, chano, samli, kila kitu. Mji mzima wa watu wenye akili zao haukumkumbuka kuku, kwa kuwa tangu wazaliwe hakuna aliyepata kumwita. Humwagi makombo ukaita kuku, wanakuja wenyewe. Na wa mwisho walikuwa wameliwa zamani.

Amiri alikuwa akitazama mchanga. "Kuku wenu wako wapi?" akauliza kwa upole.

"Wameshiba," Jumbe akasema.

"Na kunguru?"

Jumbe akatazama angani. Halafu kikasikika kishindo cha mti kwenye sakafu. Ulikuwa mkuki wa Mshamu. Mshamu alitoka mlangoni mwa jiko akitembea kama mtu aliye usingizini, akapiga magoti katikati ya ua, akaanza kula wali pamoja na mchanga. Alikula kwa mikono miwili. Kisha akakumbuka, akafungua kanzu yake ya juu akaanza kuchota mwingine ndani yake, wa watoto.

Jumbe alichomoa jambia akamwendea. Mwana Tumu alimwahi, akasimama mbele ya Mshamu akiwa na kile chano kitupu mikononi.

"Thubutu," akasema.

"Ondoka, mwanamke."

"Sitaondoka. Mpige huyu, unipige na mimi, kisha upike mwenyewe, ule mwenyewe, kama ulivyozoea." Akamgeukia Amiri. Ukaya ulikuwa umemdondoka na hakuuokota. "Kuku hatuna. Tumewala. Kunguru tumewala. Ngozi za ngao za waume zetu tumezichemsha. Hicho ulichokula ndicho chakula cha mwisho katika mji huu, na kilikuwa kimefichwa na huyu hapa, na mimi nimekipika bila kuonja, na mwanangu yuko kitandani anakata roho. Umeuliza, nimekujibu. Sasa nami nakuuliza. Aliyetema mate kwenu ni nani?"

Amiri alimgeukia Jumbe.

"Nakuuliza wewe. Ni nani?"

"Jumbe Kitwana."

"Mtazame shingo yake. Miezi yote hii umemkondesha nani? Umezingira mji mzima, ukasubiri, na kila jioni umekula ukashiba ukilinda heshima ya tonge la ugali. Mtoto wa Mwanaheri hakutema mate. Alikuwa hajaota hata meno ya kutafunia. Ninyi wawili nendeni mkaumane huko nje kwenye mchanga, mtuachie sisi njia ya shamba."

Hakuna mtu aliyekuwa amesema maneno hayo mbele ya wakuu wawili, na wazee waliopakwa mafuta walikuwa wakitazama chini. Amiri Shekue alimtazama Mshamu, aliyekuwa bado akichota wali.

"Mama, mimi nilitumwa nimpeleke Jumbe au niuchome mji," akasema. "Sasa nimekula cha mwisho cha nyumba yenye njaa. Nikirudi kwetu na moshi wa Gongwe mgongoni mwangu, mama yangu mzazi hatanipakulia tena, na atakuwa na haki. Nitafungua njia leo. Chakula cha jeshi langu kitaingia kwa lango kuu sasa hivi."

Mwana Tumu hakumshukuru. "Ungeweza kuifungua jana," akasema.

Amiri akainamisha kichwa. Alitoka bila kuaga.

Jumbe Kitwana aliwaamuru askari wake wafunge lango. Walimtazama. Mmoja akavua ile kanzu ya juu, akaiweka sakafuni, akabaki na mbavu zake nje. Mwingine akafuata. Jumbe akawaita kwa majina, akatukana, akaahidi watumwa na vitambaa vya Kambaya. Hapana aliyesogea. Mwishoni walimtoa wao wenyewe kwa mlango wa nyuma, na joho lake, na hakuna aliyemgusa kwa kumpiga, kwa sababu hawakuwa na nguvu hizo. Watu wa Paziwani walimpokea upande wa pili. Alimaliza umri wake uhamishoni kwenye kisiwa kidogo, akila alichopewa.

Kwenye lango kuu yaliingia magunia ya mtama, mbaazi na papa mkavu, yamebebwa na askari wale wale waliokuwa wakiwarushia mishale. Mwana Tumu alisimamia vyungu uani. Aliwagombeza waliotaka kula kwa pupa, akawapa uji mwepesi kwanza, akampokonya mzee mmoja upawa akamwambia akae chini kama mtoto. Alikuwa amekasirika bado. Mshamu alipopita na bakuli zake mbili alimwambia, "Nenda polepole, utamwaga," naye akaenda polepole.

Kisha Mwana Tumu akachota bakuli lake la uji, akatoka. Alipita mlangoni kwa Bi Mwanaheri. Mwanaheri alikuwa ameketi kizingitini, amemwona, ameliona bakuli. Walitazamana. Mwana Tumu akainama. Akaweka upawa mmoja wa uji kwenye kata iliyokuwa pale chini, akaendelea na njia yake.

Mize alikuwa amelala vile vile, macho wazi. Mama yake akamwinua, akamwegemeza kifuani, akamtia uji mdomoni kwa kijiko cha kifuu. Mtoto akameza. Akameza tena. Kisha akageuza uso.

"Nini tena?" Mwana Tumu akauliza.

"Sitaki," Mize akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza baada ya siku nyingi. "Hauna chumvi."

Mwanamke aliyekula Hormuzi, Aden, Kalikuti na Malaka, aliyepika karamu ya Amiri kwa pua tu, akautazama uji wake. Kweli haukuwa na chumvi. Machozi yalimtoka yakadondokea kwenye nywele za mtoto, na hasira ya siku nzima ikampanda upya, sasa haina pa kwenda.

"Utaula hivyo hivyo," akasema. "Usipoula, namwita Jumbe aje aumalize."

Mize akamtazama mama yake. Kisha akalivuta bakuli kwa mikono yote miwili.

Maneno yale yalisikika nje ya dirisha, na kesho yake kila mama katika Gongwe alikuwa akiyasema. Jumbe Kitwana alikuwa amechonga jina lake juu ya lango, juu ya mimbari na kwenye siwa la pembe. Lango limeanguka, mimbari imeliwa na mchwa, na siwa halijulikani liliko. Mfalme wa Paziwani amesahauliwa, na Amiri pia. Lakini mtoto wa Gongwe akisusa chakula, hata leo, bibi yake humwambia: kula, nisije nikamwita Jumbe. Na mtoto asiyejua Jumbe ni nani, ila anajua ni mtu wa kula vya wenzake, hula haraka haraka.